Shofere wa Katoyi analala masaa mangapi?

Sheria ya Kongo inasema masaa 9 ya kazi kwa siku. Njia inasema kingine. Katikati yake kuna kitabu kidogo cha safari ambacho mashofere wengi wa magari makubwa hawakiandiki, ao wanakiandika tu juu ya kumfurahisha polisi. Tunaeleza hapa kwa nini kitabu hicho ni cha shofere mwenyewe kwanza.

Kwenye avenyu nyingi za Katoyi, katika komine ya Karisimbi, utakuta angalau nyumba moja ambamo baba anaendesha gari kubwa. Fuso ao Howo haiingii katika vinjia vyetu vya mawe ya volkano. Baba anaiacha kwenye parkingi, anabeba mfuko wake, anamaliza safari kwa miguu. Watoto wanamuona mbali: "Papa amefika!" Anaoga, anakula, anajilaza. Masaa mawili hayajapita, simu inalia.

— Papa, uko wapi?

— Niko nyumba, patroni. Njo nimefika. Acha nilale kidogo.

— Lala fasi gani? Mwenye mizigo anangoya. Utalala mbele.

— Sawa, patroni.

Mazungumzo haya si ya mtu mmoja. Muulize shofere yeyote wa Katoyi, wa Ndosho ao wa Majengo, atakwambia anayajua kwa moyo. Na ukimuuliza kwa nini hakukataa, atakuuliza na wewe: "Nikikataa, nani atalipa minervali ya watoto?" Patroni ana namba za mashofere wengine kwenye simu yake. Njo maana jibu linakuwa "sawa, patroni".

Sheria inasema nini

Watu wengi wanaamini kwamba katika inchi yetu hakuna sheria juu ya masaa ya shofere. Iko. Kanuni ya kazi, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kazi isipite masaa 9 kwa siku na masaa 45 kwa juma. Inadai pia pumziko la kila juma, lenye angalau masaa 24 yanayofuatana. Shofere aliyeandikwa kazi na patroni ni mfanyakazi sawa na karani wa ofisi.

Kuna jambo lingine katika sheria hiyo ambalo wengi hawalijui. Masaa ya kazi yanahesabiwa tangu mfanyakazi anapokuwa mahali pa kazi, tayari kwa kutumwa na mwajiri wake, hadi kazi inapokwisha. Hayaanzi wakati gari linapoanza kutembea. Shofere aliyekaa depo tangu asubuhi akingoya makaratasi yuko kazini, hata kama usukani hajaugusa.

Tena kuna kanuni ya barabara, sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Ile inataka kila mwenye kuendesha awe katika hali ya kuweza kuendesha. Mtu ambaye macho yanajifunga yenyewe hayuko katika hali hiyo, hata kama permi yake ni safi na gari lina karatasi zote.

Kwa hiyo sheria haikosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kuhesabu. Polisi ya rulaje ikisimamisha gari itauliza permi, asiransi, kontroli tekniki, karatasi za mizigo. Swali la "umelala saa ngapi na umeamuka saa ngapi?" ni nadra kulisikia. Na hata likiulizwa, shofere atajibu kwa mdomo tu, kwa maana hana pa kuonyesha.

Siku moja kwenye karatasi

Tuchukue mfano, tuuweke kwenye karatasi. Ni mfano tu, lakini mashofere wa njia ya Kigali wataujua.

Shofere anaamuka Katoyi saa 04h00. Saa 05h00 yuko depo. Anatengeneza pine moja, anangoya makaratasi, anaondoka saa 09h00. Saa 09h30 yuko Grande Barrière, kule Korniche. Anapanga mstari, anaonyesha karatasi huku na huku, anatoka saa 14h00. Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni kama kilomita 155 za milima na makona, na Rwanda inalazimisha magari ya mizigo kufungwa chombo kinachozuia kupita kilomita 60 kwa saa. Anafika saa 18h00. Anapakiza mizigo hadi saa 22h00. Simu inalia: "Rudi leo leo." Anaendesha usiku, anafika Gisenyi saa 02h00, anapanga mstari tena hadi mpaka ufunguliwe.

Sasa tuhesabu. Usukani: nusu saa asubuhi, masaa 4 ya kwenda, masaa 4 ya kurudi. Jumla ni masaa 8 na nusu. Mwenye kuhesabu usukani peke yake atasema: "Huyu hakupita masaa 9, hakuna shida." Lakini tangu saa 05h00 hadi saa 02h00 ni masaa 21 ya kazi. Na tangu alipoamuka ni masaa 22 bila kulala.

Hapo njo penye siri ya kazi hii. Masaa yanayomchosha shofere wa Goma mengi yake hayako barabarani. Yako kwenye depo, kwenye mpaka, kwenye bariere, kwenye matope. Ni masaa ambayo hakuna anayeyaandika na hakuna anayeyalipa, kwa sababu mashofere wengi wanalipwa kwa safari, si kwa saa. Gari likikwama siku mbili, siku hizo mbili ni za bure. Ili kuziokoa, shofere anazikata kwenye usingizi wake.

Masaa ya kungoya hapa kwetu

Wasomaji wetu wanajua kwamba njia za Kivu ya Kaskazini hazitembei kwa saa ya shofere. Kulikuwa na miaka ambapo kwenye barabara ya taifa namba 2, ndani ya mbuga ya Virunga, magari yalivuka kuelekea Kanyabayonga kwa msafara unaolindwa na askari. Mulinzi njo alikuwa anasema saa ya kuondoka. Ukiukosa msafara, unangoya mwengine. Ukiupata, hauna ruhusa ya kusimama kando eti umeshikwa na usingizi.

Tangu M23 ilipokamata Bunagana, tarehe 13 Juni 2022, na vita kupanuka Rutshuru na Masisi, njia zilizidi kukatwa. Kwa muda mrefu mizigo ya kwenda Butembo ilizunguka kwa Rwanda na Uganda kabla ya kurudi Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Mwaka 2024 mapigano yalifika Sake, barabara ya Minova ikafungwa, na vyakula vya Goma vikapita kwa ziwa. Kila njia mpya ni mipaka zaidi, karatasi zaidi, na usiku zaidi ndani ya kabina.

Na pale ambapo usiku kuna hatari ya watu wenye silaha, shofere anakimbiza jua. Anapita makona ya milima kwa mbio ili giza lisimkute njiani. Mwili unadai kusimama, akili inasema usisimame hapa. Hatuwezi kumhukumu mtu aliye katika hali hiyo kana kwamba ana parkingi yenye taa kila kilomita 50.

Usingizi haupokei kitu kidogo

Bariere nyingi zinafunguka ukitoa kitu kidogo. Usingizi haufunguki hivyo. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwapima watu waliokaa macho kwa muda mrefu. Waliona kwamba baada ya masaa 17 bila kulala, mtu anafanya makosa sawa na aliye na nusu gramu ya pombe katika litre moja ya damu. Baada ya masaa 24 inakuwa kama gramu moja nzima.

Turudi kwa shofere wa mfano wetu. Aliamuka saa 04h00. Masaa 17 yalitimia saa 21h00, wakati bado anapakiza Kigali. Ni kusema alishika usukani saa 22h00 akiwa kama mtu aliyekunywa, na chupa hakuigusa.

Tena kuna ule usingizi mdogo wa sekunde mbili tatu, ambao mtu hajui hata kama amelala. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde 3 ni metre 50 bila shofere. Metre 50 za barabara ya Goma kuelekea Sake asubuhi zina wamama wenye mizigo kichwani, wanafunzi, motari na chukudu iliyobeba makala.

Kahawa, sigareti, miraa na vinywaji vya nguvu vinafukuza usingizi kwa muda kidogo. Havilipi deni lake. Kitu kinachosaidia kweli njiani ni kusimama fasi salama na kulala hata dakika 20. Mwili unashuka nguvu zaidi kati ya saa nane ya usiku na saa kumi na mbili ya asubuhi, na kidogo tena saa za mchana baada ya chakula. Shofere anayepanga safari akijua hivyo amekwisha kujilinda nusu.

Wengine wanaandikaje

Mwaka 1979 Shirika la Kimataifa la Kazi, OIT, lilipitisha mkataba namba 153 juu ya masaa ya mashofere. Unasema mtu asiendeshe zaidi ya masaa 4 mfululizo bila kusimama, asiendeshe zaidi ya masaa 9 kwa siku na 48 kwa juma, na apate masaa 10 ya kupumzika yanayofuatana kila siku. Ni inchi chache zilizouthibitisha, lakini hesabu yake imebaki kipimo kizuri.

Kenya, ambako mizigo mingi yetu inapita ikitoka Mombasa, ilibadili sheria yake ya barabara mwaka 2012: shofere wa gari la biashara haruhusiwi kupitisha masaa 8 ya kuendesha ndani ya masaa 24. Huko Ulaya ni masaa 9, yanaweza kufika 10 mara mbili kwa juma, na baada ya masaa 4 na nusu lazima asimame dakika 45. Marekani ni masaa 11 ya usukani baada ya masaa 10 ya mapumziko, na tangu Desemba 2017 magari mengi ya safari ndefu yanalazimishwa kuandika masaa kwa chombo cha umeme.

Sisi hatutaki kudai kwamba Goma ni Ulaya. Lakini kuna kitu kimoja cha kujifunza bila gharama. Kule Ulaya, chombo cha takografu kina alama nne: usukani, nyundo mbili, kisanduku chenye mstari, na kitanda. Usukani ni kuendesha. Nyundo ni kazi nyingine, kama kupakiza ao kutengeneza pine. Kisanduku ni kungoya. Kitanda ni kupumzika. Kungoya kuna alama yake peke yake. Hakuchanganywi na kitanda. Mtu anayengoya kwenye mpaka hahesabiwi kama aliyelala.

Hapo njo hesabu yetu inaharibika. Kwetu, gari likisimama, patroni anasema shofere alipumzika.

Saa mbili ya nani?

Kabla ya kuandika, kuna shida moja ndogo ya lugha, na imekwisha kuleta ubishi mwingi. Shofere akiandika "niliondoka saa mbili", yeye anasema asubuhi, jua limetoka. Karani aliyesoma kwa Kifaransa anasoma saa nane ya usiku. Masaa 6 yamepotea kwenye karatasi moja.

Tena Goma na Kigali zina saa moja, lakini Kampala, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ziko mbele yetu kwa saa moja. Shofere anayevuka kuingia Uganda anahama upande wa barabara, kutoka kuume kwenda kushoto, na saa yake inaruka pia. Asipoandika kwamba aliruka, siku yake itaonekana ndefu ao fupi kuliko kweli.

Dawa ni rahisi: andika kwa tarakimu 24, kama kwenye tiketi ya ndege, na utumie saa ya Goma kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. 08h00 ni asubuhi, 20h00 ni magaribi. Hakuna atakayebisha.

Siku ajali inapotokea

Hatujasahau Sange, katika Kivu ya Kusini. Tarehe 2 Julai 2010 gari moja la kubeba mafuta lilipinduka, likawaka moto, na zaidi ya watu 200 wakafa. Hatusemi kwamba usingizi njo ulileta Sange. Tunakumbusha tu uzito wa kitu ambacho shofere mmoja anashika mkononi anapopita katikati ya kijiji.

Ajali ikitokea, wa kwanza kukamatwa ni shofere. Kosa la jinai kila mtu analijibu mwenyewe. Lakini juu ya kulipa hasara, sheria zetu za kiraia, kitabu cha tatu, kifungu cha 260, zinasema kwamba bwana wa kazi anajibu kwa hasara iliyoletwa na mtumishi wake katika kazi aliyompa. Mbele ya tribinali swali linakuwa: nani alimtuma, na alimtuma akiwa katika hali gani? Simu ya patroni imepita hewani, maneno yake hayaonekani tena. Shofere asiye na maandishi anabaki na kiapo chake tu. Aliyeandika "nimeambiwa nirudi leo leo, saa 22h00, nimekwisha kufanya kazi masaa 17" ana kitu cha kuweka juu ya meza.

Hesabu hiyo inamfaa patroni mwema pia. Mwenye gari anayempa shofere usiku mmoja wa kulala, na akaandika, hataambiwa kesho kwamba alimsukuma. Na gari lake, ambalo pengine alilinunua kwa deni, halitakutwa ndani ya korongo.

Tuanze na daftari ya mtoto wa shule

Tunawajua wale watakaosema: "Ngojeni kwanza barabara zitengenezwe, vita iishe, serkali ilete vyombo." Tukingoya hayo yote, tutazika wengi. Kuna kazi ambayo inaweza kuanza kesho asubuhi hapa Katoyi, kwa daftari moja ya kurasa mia.

Piga mistari, upate safu nne: usukani, kazi nyingine, kungoya, kulala. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza ya kila kimoja, jina la mahali, na kilomita za kontere. Andika pale pale. Usingoye mwisho wa juma, kwa maana kitabu kilichoandikwa siku moja kwa wino mmoja kinajulikana. Usiandike uongo ili upendeze: kitabu cha uongo kitakugeukia siku ya hatari. Boyi-shofere asiye na permi asipewe usukani eti upate kulala. Jina lake halitaandikika katika kitabu, na hapo utajua kwamba si halali. Mwisho wa safari, jumlisha, umuonyeshe patroni, ubaki na kitabu.

Kwa wenye magari, tunaomba kitu kimoja: lipeni siku za kungoya, hata kidogo. Shofere akijua kwamba siku mbili za mpaka hazitapotea bure, hatazitafuta tena kwenye usingizi. Na safari ndefu iwe na mashofere wawili wenye permi.

ACCO, chama cha mashofere, kinaweza kutoa mfano mmoja wa ukurasa ili wote waandike namna moja. CNPR, ambayo kazi yake ni kuzuia ajali za barabarani, na Inspeksio ya kazi wangekuwa na kitu cha kusoma badala ya kusikia malalamiko tu. Na wamama wa nyumba, ambao njo wanapokea wale watu saa nane ya usiku, wanaweza kuuliza swali ambalo bariere hazilizi. Mama akiona simu inalia tena kabla mume hajamaliza masaa 10 ndani ya nyumba, daftari iko mezani. Aifungue, wahesabu pamoja.

Tunajua haitakuwa rahisi mara ya kwanza. Shofere mmoja akisema "patroni, kitabu kinasema bado nina masaa 6 ya kulala", atafukuzwa pengine. Wakisema ishirini wa parkingi moja, patroni hatapata wa kuita. Ndiyo sababu tunaandika haya kwa wote, siyo kwa mmoja. Wenye kuanza watuambie imekwenda namna gani: masaa mangapi ya usukani, mangapi ya kungoya, mangapi ya kulala. Tutapenda kuyasoma.